Majina ya Wafiwa

Tanzia ya Nusret Čaušević ilichanwa mara tatu kabla hajatimiza wiki kaburini. Ya kwanza ilidumu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, ya pili haikufika hata kahawa ya saa nne. Ilikuwa imebandikwa kwenye mti ulio mbele ya duka la mikate, mahali mji wetu wote unapotangazia wafu wake: mstari wa kijani pembeni kwa Waislamu, mweusi kwa Wakristo, picha, miaka, na chini kabisa orodha ya wafiwa. Pale mtini wafu wa dini zote mbili hukaa bega kwa bega bila kugombana, jambo lililotushinda sisi tulio hai.

Fahira, mjane wake, aliingia dukani kuuliza.

"Ni upepo," Slavica wa mikate alisema, mikono ikiwa na unga.

"Upepo huu unachagua. Mzee Jovo wa wiki iliyopita bado yupo, tena kwa pini moja."

"Basi labda pini ya Jovo ni nzuri. Unataka mkate au hutaki?"

Fahira alitaka mkate. Alilipa, akatoka, akainama mtaroni kuokota vipande vya mumewe, kipande kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwa koti. Nyuma yake watu wa foleni walinyamaza kama wanavyonyamaza watu waliokuwa wakimzungumzia mtu. Alikuwa ameona aibu ya kuokota karatasi mtaroni miaka ishirini na miwili, ila miaka yote hiyo aliyekuwa akiokota ni Nusret, na kazi yake yeye ilikuwa kumgombeza.

Kabla ya vita Nusret alikuwa tarishi wa posta. Aliporudi baada ya vita posta haikumrudishia mkoba wake, akajitafutia kazi isiyo na mshahara: kuwatafuta watu waliowachukua wanaume thelathini na mmoja wa kiwanda cha mbao, mwezi Juni wa mwaka ule wa vita, wasionekane tena. Hakuwa na bunduki wala gari. Alisoma tanzia, basi. Kila asubuhi alikuwa mtini na daftari lake, na kila Alhamisi alipanda basi kwenda kusoma miti ya miji ya jirani. Zilizochanwa aliziokota, akaziunganisha mezani kwa gundi ya unga aliyoikoroga mwenyewe. Mtu anaweza kubadili jina, akafuga ndevu, akapaka rangi nyumba za watu huko Austria kwa pasi ya kusafiria isiyo yake. Lakini mama yake akifa, lazima awemo katika wafiwa. Mtoto aliyeachwa nje ya tanzia ya mama yake ni kama amelaaniwa. Watu wetu watawadanganya polisi, watamdanganya hakimu, watamdanganya padri na imamu kwa pamoja, ila orodha ya wafiwa hawaidanganyi. Wanaandika: mwana fulani na familia, Linz. Na chini ya mti alikuwepo tarishi mzee, anangoja na kalamu.

Kwa njia hiyo watu kumi na mmoja walifikishwa mahakamani Sarajevo. Magazeti yaliwasifu waendesha mashtaka. Nyumbani kwa Nusret kulivunjwa madirisha, mbwa aliwekewa sumu, na Belma, binti yao wa pekee, alimaliza shule bila kualikwa kwenye sherehe hata moja. Nusret alikufa mwezi wa pili katika kituo cha basi, Alhamisi, tanzia tano mkobani. Katika watu aliowatafuta alikuwa amebaki mmoja, Ranko Ćirković. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Ranko zilikuwa zimefika miaka thelathini.

Serikali ilisema Ranko alikufa vitani. Jiwe lake liko makaburini, na jina na mwaka. Nusret hakuliamini jiwe. Kwenye kadi ya Ranko, maana kila mtu alikuwa na kadi yake katika maboksi ya viatu, aliandika neno aliloambiwa na mtunza kanisa: Stamena, mama yake Ranko, kila Jumapili huwasha mshumaa katika sinia la juu. Sinia la chini ni la wafu. La juu ni la walio hai.

Edhem, kaka yake Fahira, alikuwa mmoja wa wale thelathini na mmoja. Shuleni alikaa dawati moja na Ranko. Na Stamena, mama yake Ranko huyo huyo, ndiye aliyemficha Fahira siku kumi na moja katika shimo la viazi chini ya jiko lake, juu wakipita watu wenye bunduki. Fahira aliishi na mambo haya mawili maisha yake yote, na hakuwahi kuyasema kwa pumzi moja.

*

Stamena alifariki katikati ya mwezi wa nne. Fahira alikuwa hajapata habari. Alikwenda kununua mkate siku ya Jumanne, akatupa jicho mtini kwa mazoea ya mumewe zaidi kuliko yake, na hapo akamwona jirani yake wa zamani akimtazama kutoka kwenye karatasi yenye mstari mweusi, kitambaa cha kichwani kimefungwa chini ya kidevu.

Alisoma majina ya wafiwa. Binti Dragica. Mwana Ranko na familia.

Akasoma tena. Marehemu hawaandikwi katika wafiwa, hata mtoto mdogo anajua. Aligeuka nyuma kana kwamba Nusret alikuwa kwenye foleni na angeweza kumvuta mkono. Kisha akazing'oa pini nne kwa kucha, taratibu, akaikunja karatasi bila kuichana. Kufika adhuhuri Dragica alikuwa amezunguka mji mzima akiwa bado na sare yake ya uuguzi, akiziondoa nyingine zote.

Nyumbani Belma aliitazama karatasi mezani, kisha akamtazama mama yake.

"Haya yameisha, Mama. Baba amekufa nayo."

"Sijasema kitu."

"Umeitandaza. Umeiwekea kijiko na kikombe juu isijikunje. Baba alikuwa anafanya hivyo hivyo."

Belma alikuwa na miaka ishirini na minane na alifanya kazi ya mapokezi katika kituo cha afya, kwa mkataba wa miezi sita sita. Mkataba ulikuwa unaisha mwezi wa tano. Saini iliyohitajika ilikuwa ya muuguzi mkuu, na muuguzi mkuu ni Dragica Ćirković. Kuna miji ambayo watu huweza kuchukiana bila kukutana. Wetu ni mdogo mno kwa anasa hiyo.

"Nitakwenda kumpa pole," Fahira alisema.

"Nani? Wewe?"

"Jirani amefiwa. Niletee ile kahawa ya kabatini."

*

Alikwenda na nusu kilo ya kahawa na boksi la sukari ya vipande, kama inavyotakiwa. Sebuleni kwa Dragica walikuwepo wanawake sita, na wote sita waligundua ghafla kwamba vikombe vyao vina kitu cha kutazamwa ndani.

"Pole, Dragica. Mama yako alinipa uhai."

"Mungu akuwekee, jirani. Keti."

Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Dragica alimmiminia kahawa baada ya kuwamiminia wengine wote, na waliokuja nyuma yake pia. Walizungumza juu ya moyo wa marehemu, miguu ya marehemu, jinsi alivyokuwa akilima vitunguu akiwa na miaka themanini na mitatu. Fahira alingoja mpaka maneno yalipopungua.

"Nimeiona tanzia."

"Ni kosa la mchapaji," Dragica alisema, haraka mno. "Vukašin kachukua majina ya karatasi ya zamani. Amezeeka, haoni."

"Pole kwa hilo pia."

Dragica akasimama, akaingia jikoni, akarudi na birika la pili wakati vikombe vya kwanza havijafika nusu. Kwetu kila mtu anaijua kahawa hiyo. Kahawa ya pili ambayo hakuna aliyeiomba ni mwenye nyumba anayesema nendeni kwenu. Wanawake wote waliinywa upesi, wakainuka. Fahira aliinywa yake hadi machicha, pole pole, akaonja na kipande cha sukari. Alikuwa na ukaidi wake, na Nusret hakuwa ameondoka nao wote.

*

Siku ya tano Dragica mwenyewe alibisha hodi kwa Fahira, akitoka kazini saa nane mchana. Alikuwa hajakanyaga nyumba ile tangu kabla ya vita. Alikaa jikoni, akaiweka mikoba yake miwili ya sokoni chini ya meza kama mtu asiyetaka ionekane amekuja kukaa.

"Vukašin hakukosea," alisema. "Mama aliiandika tanzia yake mwenyewe miaka minne iliyopita, akalipa kabisa, akamwachia bahasha imefungwa. Mimi nilipeleka picha na tarehe. Nilipoiona ilikuwa imeshabandikwa mtini."

"Wazee wengi hufanya hivyo."

"Wazee wengi hawana mtoto kama wangu. Nisamehe, nimesema vibaya. Kama wake."

Fahira alimmiminia kahawa.

"Fahira, mimi si mtu wa maneno marefu. Wewe unataka nini? Jela, au mifupa?"

"Unasemaje?"

"Edhem hayuko na wale wengine. Ranko alimzika mwenyewe, peke yake, kwa mikono yake. Anapajua. Atakuja arobaini ya Mama, atasimama kaburini nusu saa, ataondoka. Wewe usipopiga simu Sarajevo, mimi nitakupa karatasi iliyochorwa njia mpaka pale alipo. Utamzika kaka yako kiislamu, na imamu, na jiwe. Hakuna atakayekuuliza ulimpataje."

Fahira aliweka birika chini. Ni lazima isemwe wazi: aliitaka karatasi ile kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, bila haya yoyote. Mama yake alitoa damu katika kituo cha utambuzi, akangoja miaka tisa wamwitie mfupa wa kulinganisha na damu hiyo, akafa akingoja. Kila mwaka, Julai, majeneza ya watu wengine yalipita na kitambaa cha kijani juu, na Fahira aliwaonea wivu waliokuwa wakiyafuata wakilia.

"Na wale thelathini?" aliuliza.

"Hilo sikutumwa kulileta."

"Edhem aliuawa na nani?"

Dragica alikuna doa kwenye kitambaa cha meza kwa ukucha. "Sijamuuliza."

"Miaka thelathini hujamuuliza?"

"Wewe ungemuuliza kaka yako?"

Dragica hakungoja jibu. Aliinuka na mikoba yake. Mlangoni akasema, bila kugeuka, kwamba mkataba wa Belma uko mezani kwake na kwamba Belma ni mfanyakazi mzuri. Labda hakukusudia kitisho. Kwa mtu mwenye saini, hata sifa ni kitisho.

*

Belma aliambiwa yote jioni hiyo, akajibu upesi.

"Chukua karatasi."

"Baba yako angekataa."

"Baba angekataa, ndiyo. Baba alikataa kila kitu. Alikataa kuhamia Graz kwa shangazi, alikataa kuninunulia baiskeli kwa sababu Alhamisi lazima apande basi. Mjomba Edhem kwake alikuwa namba tu, Mama. Kadi ya tisa. Ulikuwa unalia mwenyewe kwa sababu hiyo, nilikuwa nakusikia bafuni. Sasa umepewa ndugu yako mkononi, na unamuuliza nani? Maboksi ya viatu?"

Kweli Fahira alikuwa akilia kwa sababu hiyo. Katika ndoa yao lilikuwa neno baya kuliko yote: kwamba Nusret alimweka shemeji yake mwenyewe katikati ya Ćatić Omer na Delić Hamdija, kwa alfabeti, bila kumtanguliza hata hatua moja. "Nikimtanguliza wangu," Nusret alisema mara moja tu, "wa Hajra watamngoja nani?" Hajra ni mama mmoja wa mtaa wa juu. Alipoteza watoto wawili wa kiume kiwandani siku ile, na mpaka leo hupika sahani mbili zaidi.

Asubuhi, Belma alipokwenda kazini, Fahira aliyateremsha maboksi kutoka juu ya kabati. Hakuwahi kuyafungua. Alikusudia kuitoa kadi ya Edhem na kuichana, ili akubali karatasi ya Dragica bila shahidi.

Kadi za waliopotea zilikuwa thelathini na moja, zimeandikwa kwa mwandiko wa posta, herufi zimesimama wima. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Alionekana mwisho. Habari imetoka kwa. Aliyekusanya. Kadi za wengine zilikuwa safi kwa kiasi. Ya Edhem ilikuwa na pembe zilizochakaa na kuwa nyeusi, imelainika kama noti ya zamani, kwa kuchomolewa na kurudishwa miaka ishirini na miwili. Nusret aliiacha mahali pake pa tisa, na aliitoa kuliko zote. Hakumwambia mkewe.

Fahira alikaa nayo mapajani. Alimkasirikia marehemu kwa kutosema, kisha akalia, kisha akanawa uso. Akazisoma zile nyingine, moja baada ya moja, kwa sauti, pamoja na watoto wa Hajra. Ilimchukua saa nzima. Alipofika ya thelathini na moja alijua kwamba hawezi kula chakula hiki huku watu thelathini wakimtazama.

Namba ya Sarajevo ilikuwa imeandikwa ndani ya kifuniko cha boksi. Aliyepokea alikuwa mwendesha mashtaka aitwaye Amra Talić, na aliposikia jina Čaušević alimuulizia Nusret.

"Ndiyo kwanza nimeambiwa amefariki. Pole sana, Bi Fahira. Hakuna aliyetujulisha."

"Tulibandika mtini."

Amra alieleza mambo kwa upole na kwa pupa pia. Hati ya kumkamata Ranko ilikuwepo tangu zamani. Tatizo lilikuwa uso. Picha waliyonayo ni ya kijana wa miaka ishirini na nne. Kama anakuja kwa pasi ya mtu mwingine, na makaburini wamesimama binamu watano wenye vipara, wakimkamata asiye yeye basi yeye atakuwa mpakani kabla ya chakula cha mchana. Polisi wa mjini hawawezi kuaminiwa. Anahitajika mtu wa kumtambua.

"Mimi namjua," Fahira alisema.

"Baada ya miaka thelathini?"

"Kwetu mfiwa hupewa mkono. Mnitazame mimi. Nitakayesimama kwake nikasema naye, ndiye."

"Unajua utaendelea kuishi hapo, bibi."

"Nimeishi hapa na Nusret," Fahira alisema. "Nimezoea."

*

Jumamosi ya arobaini ilikuwa na jua. Belma alisema hataenda, kisha akavaa viatu, kisha akasema ataendesha gari tu na hatashuka. Nje ya ukuta wa makaburi watu wawili waliovaa nguo za kazi walikuwa wakibadilisha gurudumu lisilo na pancha.

Padri alikuwa ameshamaliza kusoma. Kando ya kaburi kulikuwa na sinia la ngano iliyochemshwa kwa sukari, na kila mtu alichota kijiko kimoja kwa ajili ya marehemu. Fahira alichota chake. Mtu alimpa kikombe kidogo cha gongo ya plamu, mwingine akamnong'oneza huyo mtu, kikombe kikarudi. Hatua chache tu kutoka hapo lilisimama jiwe la Ranko Ćirković, safi, halina hata ua.

Wafiwa walikuwa wamejipanga. Dragica wa kwanza. Alimwona Fahira, na macho yake yakauliza swali moja. Fahira alimshika mkono akasema pole, na hakulijibu swali. Baada ya Dragica walifuata wanaume wanne wenye umri unaokaribiana, mmoja mnene, mmoja ana miwani, wote wana mvi au hawana nywele kabisa. Fahira alizitazama nyuso zao, na hofu ikamshika, kwani hakumwona Ranko. Alimkumbuka mvulana mwembamba anayekula tufaa la Edhem. Hakuna hata mmoja hapo aliyefanana naye.

Akaendelea kupeana mikono kwa sababu foleni ilikuwa inamsukuma. Wa kwanza, pole. Wa pili, pole. Wa tatu, yule mwenye miwani, alinyoosha mkono mpana wenye dole gumba fupi, pana kama kijiko, na Fahira akaujua.

Hakuwa anaujua kwa Ranko. Siku kumi na moja, gizani, kitu pekee alichokiona cha dunia kilikuwa mkono huo ukishuka kutoka kwenye ubao wa sakafu na mkate, na chupa ya maji, na mara moja tufaa. Ulikuwa mkono wa Stamena. Alitamani kuubusu, na alijua umefanya nini, vyote viwili kwa wakati mmoja.

"Pole kwa mama yako, Ranko," alisema.

Pasi iliyokuwa mfukoni mwa mtu huyo ilikuwa na jina jingine. Angesema tu, umenifananisha, bibi. Alikuwa amelisema hilo kwa watu wengi, katika lugha mbili. Lakini alikuwa amesimama juu ya kaburi la mama yake, na kwa siku arobaini hakuna mtu aliyekuwa amempa pole kwa jina lake.

"Asante, Fahira," alisema.

Ndipo akasikia alichokisema. Alijaribu kuutoa mkono, na Fahira aliushikilia kwa yake miwili.

"Edhem yuko wapi?"

Midomo yake ilifunguka. Pengine angesema, mpaka leo watu wa mji wetu wanabishana juu ya hilo. Lakini wale wa gurudumu walikuwa wameshafika, mmoja kila upande, wakamwambia kitu kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama wahudumu wa mazishi. Alikwenda nao bila purukushani. Miwani yake ilianguka kwenye ngano, na binamu mnene akaiokota akabaki nayo, hajui ampe nani.

*

Watu waliondoka haraka. Dragica alimkuta Fahira langoni.

"Mama yangu alikulisha siku kumi na moja."

"Kumi na moja. Nilikuwa nazihesabu."

"Ilikuwa mfukoni. Ningekupa leo, hapa hapa." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akaishika mbele ya uso wa Fahira. Mkono ulikuwa ule ule, wa Stamena; wote katika nyumba ile wanao. "Itazame vizuri."

Akaikunjua, akaichana. Akaviweka vipande pamoja, akavichana tena, akaviacha vianguke kwenye nyasi, akapita kwenda kwenye gari lake bila kutazama nyuma.

Fahira alipiga magoti. Baadhi ya watu walikuwa bado barabarani na walisimama kuangalia. Mlango wa gari ulifunguliwa, zikasikika hatua za Belma kwenye changarawe.

"Mama, inuka. Watu wanatazama."

"Watazame. Kikanyage hicho kisipeperuke."

Belma alisimama kidogo. Kisha akakanyaga, akainama, akakiokota.

Vipande vilikuwa vinne tu. Hilo Fahira aliligundua nyumbani, mezani, Belma akikoroga unga na maji katika kikombe cha baba yake bila kuulizwa kipimo. Dragica ana miaka thelathini katika uuguzi. Kazini kwake karatasi ya siri huchanwa mpaka iwe kama theluji. Hii aliichana mara mbili, kwenye mikunjo, sawasawa, na aliiacha mahali pasipo na tope. Viliungana bila pengo: daraja, kinu cha zamani cha maji, mshale, mti wa jozi, na kando yake alama ndogo.

Fahira aliweka kidole juu ya alama hiyo, akakiacha hapo muda mrefu. Jumatatu angempigia Amra Talić waje na majembe yao. Wale thelathini walikuwa bado hawajulikani walipo, na aliyejua alikuwa sasa ndani ya gari kuelekea Sarajevo, na huenda akanyamaza mpaka afe. Kadi zao zilibaki kwenye boksi. Hakuna kilichokuwa kimekwisha.

Belma alichukua kadi safi na kalamu.

"Habari imetoka kwa," alisoma. "Niandike Dragica?"

"Ukimwandika hataweza kuishi mji huu. Andika Stamena Ćirković. Jirani."

"Huyo ni marehemu."

"Alijua baba yako anasoma kila karatasi ya mti ule. Kila mtu alijua. Na bado aliliandika jina la mwanawe, akafunga bahasha, akalipa. Andika."

Belma akaandika. Ulibaki mstari wa mwisho, aliyekusanya, na hapo mkono wake ukaenda wenyewe, Nusret Čaušević, kama ilivyoandikwa kwenye kadi zote tangu alipokuwa mtoto wa kujifunza kusoma kwazo. Akaitazama. Wino ulikuwa haujakauka. Akaongeza: na familia.